Sarufi ya Kiingereza na Mlango wa Mtihani

Utangulizi

Mtoto azaliwaye Ndalambo, katika nchi ya Wanyamwanga, hulelewa kwa Kinyamwanga. Hubembelezwa kwa lugha hiyo, hutumwa maji kwa lugha hiyo, na kwa lugha hiyo hujifunza kumwamkia babu yake. Akifikia umri wa kwenda shule hukutana na Kiswahili, nacho si kigeni kwake, kwa maana amekwisha kukisikia gulioni, kanisani, na katika magari yaendayo Tunduma. Baadaye hukutana na lugha ya tatu. Hii haimjii kwa mama wala kwa jirani. Humjia kwa ubao, kwa chaki, na kwa kitabu kimoja kinachosomwa na watoto wengi. Lugha hiyo ni Kiingereza. Ijapokuwa ndiyo ya mwisho kufika, ndiyo ishikayo ufunguo wa mlango. Siku ya mtihani humwuliza maswali, na kwa majibu yake huamuliwa kama ataendelea na masomo au atarudi shambani kwa baba yake.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi sarufi ya Kiingereza ilivyopata cheo hicho cha bawabu katika elimu yetu. Tutatazama ilikotoka, vitabu ilivyopandia, na namna muundo wa sentensi zake unavyogongana na muundo wa sentensi zetu. Hatuandiki kwa kukichukia Kiingereza, wala hatuandiki kwa kukisujudia. Lugha ni chombo. Mwenye chombo hana budi kujua kilitengenezwa wapi, kwa kazi gani, na kishikwe upande gani kisije kikamkata mkono.

Mpaka uliopasua nchi moja

Wanyamwanga ni watu wa pande mbili za mpaka. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilipatana huko Ulaya juu ya kugawana nchi za Afrika ya Mashariki, na mstari uliochorwa baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ukapita katikati ya nchi yao. Upande wa kaskazini ukawa wa Mjerumani, upande wa kusini ukawa wa Mwingereza. Ndugu waliokuwa wakikopeshana mbegu na kuoleana wakajikuta chini ya bendera mbili, na baada ya muda mfupi chini ya lugha mbili za kazi.

Kusini ya mpaka, karibu na mahali palipo mji wa Nakonde leo, wamisionari wa Kiskoti wa Livingstonia walifungua kituo cha Mwenzo katika miaka ya 1890. Misheni hiyo ilikuwa na chuo chake kikuu, Overtoun, huko Khondowe juu ya Ziwa Nyasa, na katika chuo hicho vijana wa Kiafrika walifundishwa Kiingereza kwa bidii kubwa. Mmoja wa waliopita hapo alikuwa Donald Siwale, Mnyamwanga, aliyekuwa mwalimu, na ambaye pamoja na wenzake waliunda Chama cha Ustawi cha Mwenzo, kimojawapo cha vyama vya kwanza vya Waafrika katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Watu wale waliweza kumwandikia mtawala malalamiko yao kwa lugha yake mwenyewe, naye hakuweza kusema kwamba hakuwaelewa.

Kaskazini ya mpaka mambo yalikuwa mbali. Wamoravia waliofungua misheni ya Mbozi mwaka 1899 walipendelea lugha za wenyeji, hata Traugott Bachmann akaitafsiri Agano Jipya katika Kinyiha. Serikali ya Kijerumani nayo ilitumia Kiswahili kwa maakida na makarani wake. Kwa hiyo Mnyamwanga wa kaskazini aliyetaka kazi ya kalamu alijifunza Kiswahili, na nduguye wa kusini aliyetaka kazi kama hiyo alijifunza Kiingereza. Hapo ndipo wazee wetu walipoanza kutambua kwamba lugha ya kitabu haichaguliwi kwa utamu wake. Huchaguliwa na yule ashikaye mpaka.

Asili ya mtihani wa mashindano

Kabla hatujaendelea, yafaa tutazame asili ya mtihani wenyewe. Watu wengi hudhani kwamba mtihani ulizaliwa shuleni. Sivyo. Mtihani wa mashindano ulizaliwa katika kutafuta watumishi wa serikali. Dola ya China iliwachagua maofisa wake kwa mitihani kwa muda wa zaidi ya miaka 1,000, mpaka utaratibu huo ulipofutwa mwaka 1905. Uingereza ilichelewa. Huko kazi za serikali zilikuwa zikitolewa kwa kujuana, mpaka taarifa ya Northcote na Trevelyan ya mwaka 1854 ilipopendekeza kwamba watu wapimwe kwa mtihani. Mwaka uliofuata, 1855, nafasi za utumishi wa juu katika India zilianza kutolewa kwa mashindano ya wazi.

Jambo hili lina pande mbili, nasi hatuna budi kuzitazama zote. Upande mmoja mtihani ulikuwa haki: mtoto wa maskini angeweza kumshinda mtoto wa bwana, kwa sababu msahihishaji haangalii nguo ya mtahiniwa. Upande wa pili, mtihani ni haki kwa wale tu waliopewa nafasi sawa ya kujifunza kinachoulizwa. Ukimpa mmoja mtumbwi na mwingine ukamwambia aogelee, kisha ukawapima kwa saa moja, hujapima nguvu zao. Umepima mtumbwi.

Karani na cheti chake

Waingereza walipoitawala Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikuta nchi yenye Kiswahili kilichokwisha kuenea. Hawakukiondoa. Katika madarasa ya chini watoto walifundishwa kwa Kiswahili, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ili kukisanifisha. Lakini juu ya ngazi ile ya Kiswahili iliwekwa ngazi ya Kiingereza, na baina ya ngazi mbili hizo paliwekwa mitihani. Palikuwa na mtihani wa darasa la nne, mtihani wa darasa la nane, mtihani wa darasa la kumi, na mwishoni Cheti cha Cambridge cha darasa la kumi na mbili, ambacho karatasi zake zilisafirishwa kwenda Uingereza kusahihishwa na watu wasiopata kuiona Tanganyika. Kila mtihani ulikuwa chekecheke lenye matundu madogo kuliko lililotangulia.

Shule ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925 kwa ajili ya watoto wa machifu, na katika Nyanda za Juu Kusini ilifunguliwa Malangali mwaka 1928. Huko Malangali W. B. Mumford alijaribu kuingiza ngoma na mafunzo ya wazee katika masomo. Hata hivyo, katika nchi nzima aliyetafuta kazi yenye mshahara mzuri alijua kwamba ngoma haiandikwi katika cheti. Kilichoandikwa ni Kiingereza.

Wako waliokipata na kukitumia vizuri. Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani katika Unguja, aliunda Chama cha Watumishi Waafrika wa Serikali huko Tanga mwaka 1922, na mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi juu ya mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Shaaban Robert alisoma Dar es Salaam tangu mwaka 1922 hadi mwaka 1926, kisha akawa karani wa forodha huko Pangani. Kiingereza alichojifunza kilimsaidia kuwatafsiria wasomaji wa Kiswahili mashairi ya Omar Khayyam kutokana na tafsiri ya Kiingereza. Julius Nyerere aliingia Tabora mwaka 1937 na Makerere mwaka 1943, na miaka mingi baadaye, mwaka 1963, akiwa Rais, alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Watu hawa walivuka mto wakarudi na mizigo kwa ajili ya waliobaki ng'amboni.

Inafaa pia tukumbuke kwamba mtihani wa lugha haukuwa wa Mwafrika peke yake. Ofisa wa utawala wa Kiingereza naye alitakiwa afaulu mtihani wa Kiswahili. Huyo bwana aliyemtisha karani kwa makosa ya Kiingereza, usiku alikaa na taa akihangaika na ngeli zetu, asijue kwa nini kitabu ni 'kikubwa' na mti ni 'mkubwa'. Tofauti yao ni moja: bwana akishindwa alikawia kuthibitishwa kazini, lakini mtoto wa Kiafrika akishindwa alikuwa amefungiwa mlango wa shule maisha yake yote.

Vitabu vilivyokuja kwa meli

Sarufi iliyofundishwa katika shule zetu ilikuja ndani ya vitabu, na kila kitabu kilibeba nchi kilikotoka. J. C. Nesfield, aliyefanya kazi ya elimu katika India mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, aliandika vitabu vya sarufi vilivyotumika katika makoloni mengi ya Mwingereza. Vilimfundisha mwanafunzi kuipasua sentensi vipande vipande na kukipa kila kipande jina lake. Mwaka 1947 W. Stannard Allen alitoa 'Living English Structure', kitabu cha mazoezi ya miundo ya sentensi kwa wageni wa lugha hiyo. Eckersley na Macaulay walitunga 'Brighter Grammar', ambacho toleo lake la baadaye lilishughulikiwa pia na Phebean Ogundipe wa Nigeria.

Lakini hapana kitabu kilichopendwa na watahiniwa kama 'First Aid in English' cha Angus Maciver, mwalimu wa Kiskoti, kilichotolewa Glasgow mwaka 1938. Kiliandikwa kwa watoto wa Scotland, nacho kikasomwa katika Afrika ya Mashariki kwa miaka mingi kana kwamba kiliandikwa kwa ajili yetu. Ndani yake mna orodha: majina ya makundi ya wanyama, milio yao, makazi yao, waume na wake wao, na tamathali za kufananisha. Sisi wenyewe tulikariri kwamba kitu ni cheupe kama theluji, nasi hatujapata kuiona theluji. Nyumbani tulisema kitu ni cheupe kama pamba, na pamba tuliijua. Mtihani haukuuliza habari za pamba.

Hatusemi kwamba kitabu hicho kilikuwa kibaya. Kilikuwa kimepangwa vizuri, na wengi tulifaulu kwacho. Tunachosema ni kwamba kilitufunza kuihesabu lugha kama vitu vya ghalani, kila kimoja na namba yake, kabla hatujafunzwa kusema neno letu wenyewe kwa lugha hiyo. Mwanafunzi aliweza kutaja jina la kundi la simba kwa Kiingereza, na asiweze kuandika barua ya kuomba ruhusa ya kwenda kumzika bibi yake.

Sentensi mbili, desturi mbili

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Makosa ya mwanafunzi wetu katika Kiingereza mara nyingi si ya ujinga. Ni makosa ya mtu mwenye sarufi nyingine kichwani, sarufi kamili na yenye utaratibu. Mwalimu anayeijua sarufi hiyo anaweza kuligeuza kosa kuwa somo. Tutatoa mifano michache.

Kwanza, upatanisho. Sisi husema 'mwalimu anafundisha' na 'walimu wanafundisha'. Jina na kitenzi hubadilika pamoja, kama wacheza ngoma wanaofuata mdundo mmoja. Hivyo ndivyo ilivyo katika Kiswahili, katika Kinyamwanga, na katika lugha nyingine za Kibantu. Kiingereza husema 'the teacher teaches', na katika wingi 'the teachers teach'. Ile herufi s ni kama kofia moja ya ndugu wawili: kitenzi kikiivaa, jina huenda kichwa wazi, jina likiivaa, kitenzi huenda kichwa wazi. Mtoto wetu huona vibaya kumwacha mmoja bila kofia, akaandika 'the teachers teaches'. Kanuni hii ina mipaka yake, kwani ni ya wakati uliopo, na yako majina kama 'children' yasiyovaa s katika wingi. Hata hivyo, mwanafunzi akiielewa mara moja hataisahau upesi.

Pili, mpango wa maneno. Tuchukue maneno haya: 'vitabu vyangu viwili vikubwa'. Kwa Kiingereza ni 'my two big books'. Ukiyatazama kwa makini utaona kwamba yale maneno matatu ya sifa yamebaki katika mpango ule ule: -angu, -wili, -kubwa. Kilichohama ni jina peke yake, ambalo kwetu hutangulia kama kiongozi wa msafara, na kwao hufuata nyuma kama mchungaji nyuma ya ng'ombe wake. Mwalimu akiliandika jambo hili ubaoni kwa lugha zote mbili, darasa zima litaliona kwa macho.

Tatu, vile vijineno 'a' na 'the'. Wengi husema kwamba havina mfano katika lugha yetu, kwa hiyo hukaririwa tu. Lakini linganisha sentensi hizi: 'Nimeona kitabu' na 'Nimekiona kitabu'. Katika ya kwanza kitabu ni chochote. Katika ya pili ni kile tunachokijua mimi na wewe. Kiambishi -ki- kinafanya hapa kazi iliyo karibu na ile ya 'the'. Hivyo mtoto wa Kitanzania anaijua tofauti hiyo tangu utotoni. Hajaonyeshwa tu kwamba anaijua.

Nne, nyakati. Kiambishi -me- husema 'baba amefika', na hapo Kiingereza hutumia 'has arrived'. Lakini -me- hiyo hiyo husema 'baba amelala', na hapo Mwingereza husema 'is asleep', kwa kuwa anaeleza hali aliyo nayo baba sasa. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba -me- ni sawa na 'has' siku zote ataandika 'father has slept', na mtu atakayesoma atadhani baba amekwisha kuamka.

Tano, sharti. Sisi husema 'ningekuwa na fedha ningenunua ng'ombe', -nge- huku na -nge- kule, kama mizani iliyokaa sawa. Kiingereza hakiruhusu usawa huo. Upande wenye 'if' huchukua wakati uliopita, na upande wa pili huchukua 'would': 'If I had money, I would buy a cow'. Kosa la kuandika 'would' pande zote mbili ni mvuto wa mizani yetu.

Sita, jibu la swali la kukanusha. Mtu akiulizwa 'Hujala?' na kweli hajala, kwetu atajibu 'Ndiyo', maana yake umesema kweli, sijala. Kwa Kiingereza atajibu 'No'. Hapa tofauti haiko katika maneno tu. Sisi tunamjibu mtu aliyeuliza, kwa kumkubali au kumkataa. Wao hulijibu jambo lenyewe. Mgeni asiyejua hilo anaweza kukosa chakula akiwa na njaa.

Zaidi ya haya kuna jinsi Kiingereza kinavyomtenga mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu, ilhali kiambishi chetu a- humkusanya kila mtu. Kuna 'do' inayotangulia maswali, ambapo sisi hupandisha sauti tu na kusema 'Unapenda ugali?' Kuna kauli ya kutendwa, ambayo kwetu hukamilika kwa kiambishi kidogo, 'barua imeandikwa', na kwao huhitaji msaada wa vitenzi vingine. Hayo ndiyo mambo ambayo mitihani hupenda kuyauliza: badili sentensi hii iwe katika kauli ya kutendwa, iandike upya bila kubadili maana, chagua jibu sahihi. Mwanafunzi anayejibu maswali hayo kwa kukariri hana tofauti na mtu anayevuka mto kwa kuruka juu ya mawe yaliyojificha. Jiwe moja likikosekana, anazama.

Baada ya Uhuru

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, katika shule zote za sekondari za Tanganyika walikuwamo wanafunzi 11,832, na kati yao 176 tu walikuwa katika kidato cha sita. Hesabu hizo zilitolewa na Mwalimu Nyerere katika 'Elimu ya Kujitegemea' mwaka 1967. Humo alionyesha kwamba kiasi cha asilimia 13 tu ya waliomaliza shule ya msingi wangepata nafasi ya sekondari, na wengine, asilimia 87, wangemaliza wakijiona wameshindwa. Kwa ajili hiyo alitaka shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe, isiwe ua wa kungojea mtihani. Mwaka huo huo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule ya msingi yote, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria.

Mitihani nayo ilirudishwa nyumbani. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika ya Mashariki, na mwaka 1973 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Baraza la Mitihani la Tanzania. Karatasi zikaanza kutungwa na kusahihishwa na Watanzania. Lakini lugha ya sekondari ilibaki ile ile. Mtoto alisoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha siku moja ya kidato cha kwanza akaambiwa kwamba sayansi, historia na jiografia zimehamia katika lugha nyingine. Sisi tuliopita njia hiyo katika miaka ya 1980 tunaikumbuka siku ile. Tulikuwa kama watu waliovushwa mto usiku: tulisikia maji, hatukuona ng'ambo. Katika shule moja tuliyosoma, aliyesikika akisema Kiswahili alivishwa kibao shingoni, naye alitafuta wa kumrithisha. Rafiki yetu mmoja, aliyekuwa hodari wa hesabu kutushinda sote, alikaa kimya muhula mzima ili asivishwe. Katika mtihani wa kidato cha pili hakufaulu. Akili yake haikuwa imepungua hata kidogo; ila karatasi ilimwuliza kwa lugha ambayo aliogopa hata kuijaribu.

Hayo hayakuwa ya Tanzania tu. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 habari za mwanafunzi mwenziwe huko Kenya, mwaka 1954, aliyefaulu vizuri sana katika masomo yote, lakini kwa kuwa alianguka Kiingereza alihesabiwa kuwa ameanguka mtihani wote.

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kuwa lugha ya kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alikifananisha Kiingereza na Kiswahili cha dunia, akitaka kisiachwe. Mwaka huo huo wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza shule zetu na kuona kwamba kiasi cha asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa na Kiingereza cha kutosha hata kuanza kufundishwa kwa lugha hiyo. Dawa iliyotolewa ilikuwa kuongeza Kiingereza. Tangu mwaka 1987 vilisambazwa vitabu vya hadithi vilivyoandikwa kwa lugha nyepesi ili wanafunzi wasome wenyewe. Vitabu hivyo vilisaidia mahali vilipofika.

Tangu mwaka 2004 mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulileta shule katika kata nyingi, na tangu mwaka 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa. Wilaya ya Momba, ambamo Ndalambo imo, ilizaliwa mwaka 2012 kutokana na Mbozi, na Mkoa wa Songwe ukazaliwa mwaka 2016 kutokana na Mbeya. Mlango wa sekondari umepanuka kuliko wakati wowote. Lakini bawabu hajaondoka. Amesogea tu hatua chache ndani ya ua. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, hata matokeo yakafutwa na kupangwa upya mwaka 2013. Sababu zilikuwa nyingi, za walimu, vitabu na maabara. Lakini mtu yeyote aliyekaa darasani anajua kwamba lugha ilikuwa mojawapo.

Wajibu wa mwalimu na mwanafunzi

Tufanye nini basi? Suala la lugha ya kufundishia ni la taifa zima, nalo litaamuliwa na taifa. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama zetu, na mwaka huo huo UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Dalili hizo zinatia moyo. Lakini mtoto atakayekaa katika chumba cha mtihani mwaka huu hawezi kungoja mjadala uishe. Kwake tuna maneno matatu.

La kwanza ni kwa mwalimu: usimwaibishe mtoto kwa lugha yake. Umwonyeshe kwamba anazo sarufi mbili tayari, na kwamba ya tatu hulinganishwa na hizo. Dakika tano za Kiswahili ubaoni zinaweza kuokoa juma zima la kukariri.

La pili ni kwa mwanafunzi: usiishie katika kuchagua jibu. Kila siku andika sentensi tatu za Kiingereza juu ya mambo uliyoyaona mwenyewe: mahindi yaliyokaushwa, lori lililokwama Tunduma, mgeni aliyetoka Nakonde. Kisha igeuze moja katika kauli ya kutendwa, ya pili uikanushe, na ya tatu uifanye swali. Miundo inayoulizwa katika mtihani ni hiyo hiyo, ila sasa imebeba mambo ya kwenu.

La tatu ni kwa wote: tutenge lugha na akili. Mtihani wa Kiingereza hupima Kiingereza. Haupimi utu wa mtu, wala hekima yake, wala thamani yake kwa taifa. Wazee wa Ndalambo waamuao kesi ya shamba kwa Kinyamwanga, wakapima ushahidi wa pande mbili na kuwapatanisha ndugu, hawakufanya mtihani wowote, na hukumu zao husimama.

Tunamalizia kwa ubeti tuliomwandikia kijana mmoja aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani:

Lugha ni daraja, njia, mto ukitaka vuka,
Si ukuta kuzuia, wenye kiu kutofika;
Ya wageni twatumia, ya kwetu twaikumbuka,
Mtihani utakwisha, elimu itabakia.